Daraja la kwanza lenye S ya Fizikia halimwingizi mtu udaktari

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na wazazi na vijana waliomaliza kidato cha nne, pamoja na wale wa kidato cha pili ambao hawajui kama jambo hili linawahusu. Kila mwaka matokeo yakishatoka, mazungumzo majumbani huwa ni yale yale: PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) au PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati), na kama alama hazikupendeza, basi CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia). Mara nyingi kinachoamua ni sifa ya tahasusi, yaani mchanganyiko huo wa masomo matatu, mtaani, au kombi waliyochagua marafiki. Masharti ya kozi ambayo kijana ataiomba miaka miwili baadaye husomwa mwisho kabisa, matokeo ya kidato cha sita yakiwa yameshatoka na hakuna tena cha kurekebisha.

Chukulia wanafunzi wawili wa PCB. Wa kwanza amepata A ya Baiolojia, B ya Kemia na S ya Fizikia (S ni ufaulu mdogo, chini ya E). Kwa hesabu ya Baraza la Mitihani, NECTA, A ni pointi 1, B ni 2 na S ni 6, kwa hiyo ana jumla ya 9, ambayo ni daraja la kwanza. Wa pili ana D tatu, kila moja pointi 4, jumla 12, daraja la pili. Hakuna ubishi kwamba wa kwanza ndiye mwenye matokeo mazuri zaidi. Lakini shahada ya udaktari wa binadamu inataka ufaulu wa somo kuu, yaani kuanzia A hadi E, katika Fizikia, Kemia na Baiolojia, yote matatu. S haihesabiki humo. Kwa cheti kile cha daraja la kwanza, udaktari umefungwa katika kila chuo nchini. Yule mwenye D tatu anaweza kuomba kwenye vyuo ambavyo kiwango chao cha chini ni pointi 6. Kupata nafasi ni suala jingine, kwa sababu ushindani ni mkali na wenye C na B watakuwa mbele yake, lakini ombi lake litapokelewa.

Zingatieni kwamba hizo pointi 6 si zile za NECTA. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, huhesabu kinyume: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S ni nusu. Kwa NECTA pointi chache ndiyo heri. Kwa TCU pointi nyingi ndiyo heri. Mwanafunzi wetu wa kwanza ana 9.5 kwa hesabu ya TCU, wa pili ana 6, na bado mlango ni wa huyu wa pili. Chuo hutazama kwanza kama masomo yanayotakiwa yamefaulu, moja moja, ndipo kinajumlisha. Tumekutana na wazazi wengi wanaoamini kwamba daraja zuri litafidia somo lililoanguka. Halifidii.

Kwa hiyo ushauri wetu wa kwanza ni huu: kabla ya kujaza au kubadili machaguo kwenye Selform, ile fomu ya kuchagua tahasusi, fungueni mwongozo wa udahili wa TCU. Unapatikana bure kwenye tovuti yao. Ipo miwili, mmoja kwa wanaotoka kidato cha sita na mwingine kwa wenye diploma na sifa linganifu, na wengi hufungua usiowahusu. Ndani yake kila chuo kina jedwali: jina la kozi, namba yake, masharti ya kujiunga, pointi za chini, idadi ya nafasi na miaka ya masomo. Umeandikwa kwa Kiingereza cha kisheria kidogo, kwa hiyo mzazi asiyekizoea asione haya kumwomba mwalimu amsomee. Sharti la kozi moja ni mistari mitatu au minne tu.

Katika mistari hiyo kuna maneno madogo yanayobeba kila kitu. Masomo yakiunganishwa kwa "na", yote ni ya lazima. Yakiunganishwa kwa "au", moja linatosha. Ikiandikwa "mawili kati ya haya", tahasusi nyingi zinaweza kuingia hata kama hakuna aliyewahi kukwambia. Ikiandikwa "mojawapo lazima liwe Hisabati", basi hata A mbili za masomo mengine hazisaidii. Mwisho wa mistari hiyo huwa kuna nyongeza inayorukwa na karibu kila msomaji: alama fulani ya kidato cha nne, au ufaulu wa BAM (Basic Applied Mathematics, Hisabati nyepesi ya kidato cha tano na cha sita). Hapo ndipo maombi mengi hufia. Andikeni kozi tatu anazozitaka kijana, zisiwe za familia moja zote, kisha mtafute tahasusi inayoruhusu angalau mbili kati ya hizo. Kazi hiyo inachukua jioni moja.

Tuseme sasa juu ya Hisabati, maana ndilo somo linalofunga milango mingi kuliko yote na watu hawalitazami. Mwanafunzi wa PCB au CBG haachani nalo; anasoma BAM kama somo la ziada, na wengi hulichukulia kama kero ya vipindi vichache kwa wiki. Kisha kijana anabadili mawazo, anataka kompyuta, uchumi au kozi fulani ya kilimo, anakuta sharti linasema asiyekuwa na Hisabati ya juu awe amefaulu BAM au awe na krediti, yaani C au zaidi, ya Hisabati ya kidato cha nne. S ya BAM, ambayo angeipata kwa kulishughulikia somo kwa kiasi tu, ingemtosha mahali pengi.

Hisabati ya kidato cha nne nayo haifi baada ya Januari. Wapo wanaosema hawana haja ya kidato cha tano, watapitia diploma ya utabibu, miaka mitatu, kisha waende udaktari. Njia hiyo ni ya kweli na inaheshimika. Kuingia diploma hiyo kunataka ufaulu wa kuanzia D katika masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza vinatajwa kama nyongeza nzuri tu. Lakini anayetoka diploma kuomba udaktari hutakiwa wastani wa GPA 3.0, pamoja na angalau D za kidato cha nne katika Fizikia, Kemia, Baiolojia, Kiingereza na Hisabati. Mwenye F ya Hisabati ataingia diploma, atafanya kazi vizuri, atapata GPA nzuri, na atakwama pale pale. Afadhali aurudie mtihani wa Hisabati kama mtahiniwa wa kujitegemea mapema, akiwa bado anakumbuka, kuliko kuurudia akiwa kazini na ana familia.

Turudi kwenye tahasusi zenyewe. Machi 2024 serikali ilitangaza tahasusi mpya 49, zikaongezwa kwenye 16 za zamani, zikawa 65. Ni jambo jema, ila tahasusi kuwepo kwenye orodha hakumaanishi kwamba kila chuo kimeshaiandika kwenye masharti yake. Dawa ni ile ile, mwongozo wa chuo kwanza. Hapa tutasema juu ya zile ambazo wanafunzi wengi wa sayansi bado wanazichagua.

PCB ndiyo njia ya udaktari, na kwa anayejiweza katika yote matatu ni tahasusi pana sana. Tatizo lake ni Fizikia. Wengi huingia PCB kwa kupenda Baiolojia na kuivumilia Fizikia, na Fizikia ya kidato cha tano haivumiliki kwa kukariri. Muhula wa kwanza tu mwalimu wa Fizikia anaandika kasi kama badiliko la umbali kwa badiliko la muda, kwa alama za kokotozi (calculus), wakati mwalimu wa BAM bado hajaifikia mada hiyo. Mwanafunzi wa PCM ameshaanza kuizoea kwenye Hisabati ya juu; wa PCB anaiona kwa mara ya kwanza katikati ya mada ya mwendo, anadhani tatizo lake ni Fizikia, kumbe ni hesabu. Asiposaidiwa kufikia Septemba, mwendo wa duara, mtikisiko na mzunguko wa miili migumu vinampita vyote, kwa sababu vimejengwa juu ya msingi huo huo. S nyingi za Fizikia zinaanzia hapo.

PCM inafungua uhandisi, hisabati, takwimu, kompyuta, jiolojia na ualimu wa Fizikia na Hisabati, ambao shule nyingi bado wanauhitaji sana. Haina Baiolojia, kwa hiyo haina udaktari. Tunalisema kwa sababu kila mwaka yupo anayedhani atabadilisha akifika chuoni. PGM inadharauliwa bila sababu. Ina Fizikia na Hisabati ya juu, ambayo ndiyo mawili yanayotajwa kwanza katika kozi nyingi za uhandisi, na Jiografia yake inafaa kwa upimaji ardhi na hali ya hewa. Anayeichagua aiangalie tu Kemia: vyuo kadhaa huiweka kama sharti la ziada, angalau ile ya kidato cha nne, kwa hiyo mwenye F ya Kemia asome mstari huo mara mbili.

Kuna dhana kwamba anayetaka kompyuta lazima achukue tahasusi yenye somo la Kompyuta. Kozi nyingi za kompyuta vyuoni zinatafuta Hisabati. PCM, PGM na hata EGM (Uchumi, Jiografia, Hisabati) zinaweza kufika huko. Ile ya Fizikia, Hisabati na Kompyuta ni nzuri pale shule ilipo na mwalimu na mashine zinazowaka, ila ijulikane kwamba inaiacha Kemia, na uhandisi wa kemikali unaondoka nayo.

CBG si jalala la walioshindwa PCB. Chuo Kikuu cha Sokoine pekee kina kozi za kilimo, chakula, misitu na wanyamapori zinazomhitaji mtu wa Kemia na Baiolojia, na ualimu wa masomo hayo upo wazi. Inachokosa ni Fizikia, na bila Fizikia hakuna udaktari. Anayeichagua aichague akijua hivyo. Zipo pia zenye Kilimo au Lishe badala ya Jiografia. Kwa anayejua anakokwenda zinampa mwanzo mzuri, ila anayesitasita abaki na Jiografia au Fizikia.

Tuchukue mfano wa matokeo ya kidato cha nne ili hesabu ionekane. Binti ana Baiolojia A, Kemia B, Jiografia B, Fizikia C, Hisabati D. Kidato cha nne A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Vigezo vya kuchaguliwa kidato cha tano vimekuwa krediti tatu, masomo ya tahasusi yasizidi pointi 10 kwa pamoja, na asiwe na F katika hata moja la tahasusi. PCB kwake ni 6, CBG ni 5, PCM ni 9. Zote anaruhusiwa. Nyumbani watasema PCM haimfai kwa sababu ya D ya Hisabati, na hapo wako sahihi. Watasema PCB inamfaa kwa sababu ana 6. Hapo tungewaomba wasimame kidogo. C ya kidato cha nne inaanzia 45 na kuishia 64. Anayepata C ya 62 na anayepata C ya 46 wanaandikwa herufi moja, na mmoja wao atateseka. Cheti hakitawaambia ni yupi. Waulizeni walimu waliomfundisha, tazameni alama zake za mitihani ya ndani na ya majaribio, hasa maswali ya hesabu ndani ya Fizikia.

Njia nyingine ni kumpa maswali matatu, kalamu na saa moja, bila daftari. La kwanza: katika fomula ya pendulamu, T = 2π√(l/g), aifanye g kuwa somo la fomula, yaani ibaki peke yake upande mmoja. Jibu ni g = 4π²l/T². La pili: sentimita za ujazo 25 za hidroksidi ya sodiamu yenye mola 0.1 kwa lita zimemalizwa na sentimita 20 za asidi ya haidrokloriki. Asidi ina mola ngapi kwa lita? Ni 0.125. La tatu: amechora grafu ya T² dhidi ya urefu wa uzi kwa mita, mstari umenyooka, mteremko ni 4.03, g ni ngapi? Ni karibu 9.8. Haya yote yako ndani ya uwezo wa kidato cha nne. Akiyaweza matatu, PCB au PCM zitambeba. Akishindwa la kwanza na la tatu lakini akaliweza la pili, tatizo ni aljebra na grafu, na linatibika. Akishindwa yote hata baada ya kuelekezwa, CBG itamheshimu zaidi.

Muda wa kutibu upo. Mtihani wa kidato cha nne huisha Novemba, kidato cha tano huanza Julai. Wengi hukimbilia masomo ya awali ya kidato cha tano, wakafundishwa mada mpya kwa kasi juu ya msingi wenye nyufa. Sisi tungeanza na kubadili somo la fomula, vipeo na logi, sini na kosini, vekta, mteremko wa grafu, kisha dhana ya mole mpaka iwe kama kuhesabu chenji. Baada ya hapo, utofautishaji wa kokotozi wa vipeo vya kawaida, wiki tatu zinatosha. Kikokotoo kiwe cha kisayansi kisichopangika, ambacho NECTA inakiruhusu, na kijana ajue kukihamisha kati ya digrii na radiani. Katika mada ya mtikisiko, kikokotoo kilichobaki kwenye digrii hutoa majibu yanayofanana na ukweli lakini si kweli, na mwanafunzi anapoteza alama bila kujua kwa nini.

Mkishapata jina la shule, au mkitafuta ya binafsi, fungueni ukurasa wa matokeo ya kidato cha sita wa shule hiyo kwenye tovuti ya NECTA. Watu huishia kwenye idadi ya daraja la kwanza. Shukeni hadi chini, lipo jedwali la ufaulu wa kila somo. Kwa namba za masomo, Fizikia ni 131, Kemia 132, Baiolojia 133, BAM 141, Hisabati ya juu 142. Safu ya GPA inasomwa kinyume, ndogo ndiyo nzuri. Shule yenye Baiolojia nzuri na Fizikia iliyozama miaka mitatu mfululizo ina tatizo la mwalimu au la maabara, na mtoto wenu hataliepuka kwa bidii yake peke yake. Mkifika shuleni ulizeni swali moja: wanafunzi wa kidato cha tano wanaanza lini kushika bureti kwa mikono yao? Kama jibu ni karibu na mtihani, tafuteni msaada nje mapema. Masomo yote matatu yana karatasi ya vitendo, na kusoma bureti kwa usahihi hakujifunzwi kwa wiki mbili.

Kijana akifika shuleni na kuona amekosea tahasusi, aseme ndani ya wiki za mwanzo. Kuhama PCB kwenda CBG katika shule ile ile yenye tahasusi zote mbili ni jambo la kuzungumza na mkuu wa shule. Baada ya muhula mmoja Jiografia itakuwa imeshakwenda mbali, na hasa sehemu ya vitendo, ramani na takwimu, haisomeki kwa kukopa daftari la mwenzake.

Mwisho tunasema na walimu wenzetu na bodi za shule juu ya kidato cha pili. Katika mtaala uliowalea wengi walioko sekondari, Baiolojia na Hisabati ni lazima hadi kidato cha nne, lakini Fizikia na Kemia huchaguliwa mwanzoni mwa kidato cha tatu. Mtoto wa miaka 15 anaiacha Fizikia kwa sababu mwalimu mpya hajaripoti, au kwa sababu shule inataka wastani wake uonekane mzuri, na siku hiyo hiyo PCB, PCM, PGM na diploma ya utabibu zinaondoka bila mzazi kupewa taarifa. Walioanza kidato cha kwanza 2025 wako kwenye mtaala mpya wenye mkondo wa jumla na wa amali, na kwao uchaguzi umesogea mapema zaidi. Tunaomba shule zifanye mambo mawili: zimwite mzazi asaini kabla mtoto hajaacha somo lolote la sayansi, na zibandike ubaoni kurasa chache za masharti ya TCU na ya vyuo vya kati, zenye kozi kumi zinazoulizwa sana, zikibadilishwa kila mwaka mwongozo mpya ukitoka. Gharama yake ni karatasi na gundi.

Ni sisi walimu wa masomo ya sayansi,
Morogoro